Kwa Nini Sauti Hukatika Ilhali Intaneti Ina Kasi

Shahidi anayezungumza na mahakama kwa njia ya video husema, "Sikuuza shamba." Upande wa pili husikia, "…kuuza shamba." Silabi moja imepotea njiani na maana imegeuka. Lawama hutupiwa kasi ya intaneti, lakini mara nyingi chanzo ni ucheleweshaji usio sawa, ambao mafundi huuita jita.

Sauti hukatwa katika pakiti ndogo ndogo (zisichanganywe na vifurushi vinavyonunuliwa kwa vocha), ambazo kwa kawaida hutumwa moja kila milisekunde 20. Mabasi yakiondoka Korogwe kwenda Handeni kila dakika 10, yote yakatumia muda uleule, yatafika kwa mpangilio uleule. Moja likikwama njiani, wanaosubiri Handeni wataona pengo refu, kisha mabasi mawili kwa pamoja. Chombo kinachopokea sauti huzisubiri pakiti kidogo ili kuzipanga. Inayochelewa kupita kiasi hutupwa. Hapo ndipo "si" hupotea.

Jita hupimika bila gharama kubwa. Kompyuta nyingi zina amri iitwayo ping, inayoonyesha muda wa pakiti kwenda na kurudi. Tuseme vipimo vitano vimetoa milisekunde 40, 42, 41, 95 na 43. Tofauti za jirani kwa jirani ni 2, 1, 54 na 52. Wastani wake ni takriban 27. Laini nyingine ikitoa 80, 81, 80, 82 na 81, wastani wa tofauti ni 1.25 tu. Hii ya pili ni ya polepole zaidi, lakini ndiyo inayofaa kwa mazungumzo. Mafundi wengi hupendelea jita isiyozidi milisekunde 30. Vipimo vitano ni vichache mno kwa kutolea uamuzi. Hamsini, asubuhi na jioni, hueleza zaidi.

Chanzo cha kawaida ni foleni: watu wengi kwenye mnara mmoja, au simu ya jirani ikipakua filamu kupitia Wi-Fi ileile. Kabla ya kikao, vifaa visivyohitajika vizimwe, na kompyuta iunganishwe kwa waya inapowezekana. Tatizo likiendelea, matokeo yaandikwe pamoja na tarehe na saa, yapelekwe kwanza kwa mtoa huduma. Asipolitatua, malalamiko hupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).