Kupata Mwili si Kupona: Ufahamu wa Afya ya Mwili Miongoni mwa Watu Wenye Magonjwa Makali ya Akili

1.0 Utangulizi

Istilahi ya magonjwa makali ya akili hujumuisha skizofrenia, ugonjwa wa hisia mseto, na sonona kali inayoambatana na saikosisi. Kwa muda mrefu, mjadala kuhusu magonjwa haya umejikita katika dalili za akili: sauti zisizo na msemaji, shuku zisizo na msingi na huzuni isiyokwisha. Mwili wa mgonjwa umewekwa kando. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa watu wenye magonjwa haya hufariki kati ya miaka 10 na 20 mapema kuliko watu wengine. Kujiua ni sehemu ya sababu, lakini vifo vingi hutokana na maradhi ya mwili yanayoweza kuzuilika au kutibika, yakiwemo ya moyo, kisukari, maradhi ya mfumo wa upumuaji na yale ya kuambukiza. Uzito wa jambo hili ndio uliolifanya Shirika hilo, mwaka 2018, kutoa mwongozo mahususi wa kushughulikia afya ya mwili ya watu hao.

Makala haya yanafafanua dhana ya ufahamu wa afya ya mwili miongoni mwa watu wenye magonjwa makali ya akili, mambo yanayouzuia ufahamu huo, na namna unavyoweza kujengwa. Hoja kuu ni kwamba upungufu wa ufahamu haumo kwa mgonjwa peke yake, bali umegawanyika baina ya mgonjwa, familia na mtoa huduma.

2.0 Dhana ya Ufahamu

Ufahamu wa afya ya mwili una ngazi tatu. Ya kwanza ni kujua kwamba hatari ipo. Ya pili ni kuitambua dalili inapojitokeza. Ya tatu ni kuwa na uwezo wa kuchukua hatua, yaani kuwa na nauli, mtu wa kusindikizana naye, na mahali ambapo maelezo yatasikilizwa. Mtu anaweza kuwa na ngazi ya kwanza na akakosa ya tatu; katika hali hiyo, kumwita mjinga ni kumtwisha kosa lisilo lake.

Aidha, ni muhimu kutofautisha ufahamu wa ugonjwa wa akili na ufahamu wa mwili. Mgonjwa wa skizofrenia anaweza kukana katakata kwamba ana ugonjwa wa akili, na wakati huohuo akaeleza kwa usahihi kwamba miguu yake inakufa ganzi au kwamba anaamka mara nne usiku kwenda haja ndogo. Kukosea katika jambo moja hakumfanyi kuwa shahidi asiyeaminika katika mambo yote.

3.0 Dawa na Mwili

Dawa za saikosisi zimewarejesha watu wengi katika maisha ya kawaida, nazo hazipaswi kuachwa bila ushauri wa daktari. Pamoja na hayo, zina gharama mwilini. Olanzapini na klozapini huongeza njaa na uzito kwa kiwango kikubwa, na huweza kupandisha sukari na lehemu katika damu. Klopromazini nayo huongeza uzito na kuleta usingizi mzito unaopunguza mwendo wa mtu. Klozapini huweza pia kupunguza chembe nyeupe za damu, ndiyo maana damu hupimwa kila wiki katika miezi ya mwanzo. Isitoshe, hufunga choo kwa namna inayoweza kuziba utumbo na kuua, ilhali wagonjwa wengi huona aibu kulitaja jambo hilo.

Lithiamu, inayotumika kwa ugonjwa wa hisia mseto, huhitaji kipimo cha damu, figo na tezi ya thairoidi. Kiwango chake katika damu hupanda mtu anapoharisha, anapokosa maji, au anapotumia dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hununuliwa kwa urahisi katika maduka ya dawa. Dalili za sumu yake ni kutetemeka, kutapika, ulimi kuwa mzito na kuyumba. Anayeyumba barabarani hudhaniwa amelewa, kumbe anahitaji hospitali mara moja.

Tumbaku nayo ina nafasi ya pekee. Moshi wake hulichochea ini kuivunja klozapini na olanzapini kwa haraka zaidi. Kwa hiyo, mvutaji anayeacha sigara ghafla, kwa mfano anapolazwa wodini, kiwango cha dawa mwilini mwake hupanda. Kuacha sigara ni jambo jema, lakini daktari anapaswa kujulishwa ili arekebishe dozi.

4.0 Lugha na Tafsiri ya Mwili

Katika jamii nyingi za Waswahili, unene una maana njema. Mtu aliyeongezeka uzito husemwa amenawiri au amepata mwili. Aliyekonda husemwa amekwisha. Tafsiri hii ina mantiki yake, kwa kuwa njaa na maradhi kama kifua kikuu hukondesha. Lakini kwa mtu anayetumia dawa za saikosisi, tafsiri hiyo hupotosha. Kijana aliyetoka hospitalini akiwa mtulivu, anakula sahani mbili za ugali na kunywa chai yenye sukari mara tatu kwa siku, huonekana amepona. Familia hushukuru na kumwongezea chakula. Hakuna anayeuona mwanzo wa kisukari katika furaha hiyo.

Dalili zinazofuata nazo husomwa vibaya. Kiu kali na kunywa maji mfululizo huchukuliwa kuwa vituko vya ugonjwa. Uchovu huitwa uvivu. Hivyo, dalili za kisukari huhesabiwa katika daftari la wazimu, na mgonjwa hurudishwa kwa daktari wa akili badala ya kupimwa sukari.

5.0 Ugonjwa Mmoja Kuufunika Mwingine

Hali hiyo haiishii nyumbani. Katika zahanati na hospitali, mtoa huduma anaposoma katika faili kwamba mgonjwa ana skizofrenia, huweza kuyahesabu maumivu ya kifua kuwa hofu na maumivu ya tumbo kuwa njozi. Tatizo hili huzidishwa na mgawanyo wa huduma. Afrika Mashariki ina hospitali kongwe za magonjwa ya akili, kama Mathari ya Nairobi iliyoanza mwaka 1910, na Mirembe ya Dodoma. Tangu zamani, majengo yenyewe yametenganisha akili na mwili: kliniki ya akili hutoa sindano ya kila mwezi, na kliniki ya presha na kisukari ipo mahali pengine, siku nyingine, kwa nauli nyingine. Mgonjwa huhudhuria moja na kuikosa ya pili.

Mgonjwa naye hujifunza kunyamaza. Akishapuuzwa mara mbili, mara ya tatu hasemi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hata hivyo, si kila anayeficha amependa kuficha. Wengine walisema na hawakusikilizwa.

6.0 Namna ya Kujenga Ufahamu

Hatua ya kwanza ni kupima kabla ya dawa kuanza. Mapendekezo ya kitaalamu yaliyotolewa Marekani mwaka 2004 yanataka uzito, mzunguko wa kiuno, shinikizo la damu, sukari na lehemu vipimwe mwanzoni. Uzito hurudiwa wiki ya 4, ya 8 na ya 12, kisha kila baada ya miezi mitatu. Shinikizo la damu na sukari hurudiwa wiki ya 12, kisha kila mwaka. Mizani, tepu kama ya fundi cherehani na mashine ya presha hutosha kuanzia. Kiuno kinachofikia sentimita 94 kwa mwanamume au 80 kwa mwanamke, presha inayofikia 140 kwa 90, au sukari ya kabla ya kula inayofikia 7.0 ni ishara za kuchukua hatua.

Hatua ya pili ni kumkabidhi mgonjwa namba zake. Kadi yenye uzito wa kila mwezi, inayosomwa pamoja naye na ndugu anayemtunza siku ya sindano, hufundisha kuliko hotuba. Hatua ya tatu ni ushauri unaolingana na maisha: kupunguza sukari katika chai, kuacha soda, kutembea kila siku pamoja na mtu wa nyumbani. Hatua ya nne ni mtoa huduma kuuliza waziwazi kuhusu choo, kiu, usingizi na tendo la ndoa, ili aibu isimzuie mgonjwa kueleza.

7.0 Hitimisho

Ufahamu wa afya ya mwili miongoni mwa watu wenye magonjwa makali ya akili hauwezi kupimwa kwa kumuuliza mgonjwa anajua nini pekee. Unapaswa kupimwa pia kwa kuuliza ni nani alimweleza, ni nani alimpima, na ni nani alimwamini aliposema anaumwa. Utulivu wa akili ni sehemu ya kupona. Uzito, presha na sukari ni sehemu nyingine. Familia inayofurahia ndugu yao kunawiri ina haki ya kufurahi, na ina haki pia ya kuambiwa siku hiyohiyo kwamba mwili huo unahitaji kupimwa.