Mtumbwi Haukuongozwa na Dira

Swali la nani aligundua Ziwa Tanganyika limekuwa likiulizwa Sumbawanga na wanafunzi, wageni na hata baadhi ya walimu kwa maneno yaleyale, na kila linapojibiwa kwa kutaja Richard Burton na John Speke, waliofika Ujiji Februari 1858, kosa huzidi kuota mizizi. Mwaka huo ni sahihi. Kinachopotosha ni kitenzi, kwa kuwa watu wa Kirando, Kipili na Kasanga walikuwa wakivua na kusafiri katika ziwa hilo tangu enzi za mababu zao.

Nyuma ya swali hilo ipo imani iliyoenea mno, kwamba wasafiri wa Ulaya waliongozwa na dira, ramani na ujasiri wao, ilhali Waafrika waliokuwa mtumbwini walitoa nguvu za mikono tu. Imani hiyo inavunjwa na maandishi ya wasafiri wenyewe, na inashangaza kwamba bado inafundishwa. Aprili 1858 Burton na Speke walifikishwa Uvira, kaskazini mwa ziwa, kwa mitumbwi miwili ya Kannena, mmoja wa wakuu wa Ujiji, wakitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani kuelekea Nile au unaingia. Wana watatu wa mtawala wa Uvira waliwaambia waziwazi kwamba unaingia. Jibu lilikuwa hilo, tena la watu waliokunywa maji ya mto wenyewe. Hata hivyo, mwaka 1864 Burton aliligeuzia kisogo na kuandika kwamba huenda Rusizi unatoka, na wataalamu wa London wakaendelea kubishana hadi Novemba 1871, wasafiri Livingstone na Stanley walipopelekwa hadi mdomoni mwa mto huo kwa mtumbwi wa kuazima uliopigwa makafi na Wajiji, wakaona maji yakiingia. Miaka 13 ilipotea kwa sababu neno la mwenyeji lilihesabiwa kuwa tetesi mpaka Mzungu alipolirudia.

Stanley alikuja kuzunguka ziwa zima mwaka 1876 kwa siku 51, akipita pia chini ya miteremko ya Ufipa, na safari hiyo husimuliwa kama ushindi wa Lady Alice, mashua yake ya futi 40 iliyoundwa Uingereza kwa vipande. Wasimulizi huuacha nje Meofu, mtumbwi mkubwa ulioazimwa kwa Muini Kheri, liwali wa Ujiji, na huwaacha virangozi wawili, yaani viongozi wa njia: Ruango, aliyekuwa ameandamana na Livingstone na Stanley mwaka 1871, na Para, aliyekuwa na Verney Cameron mwaka 1874. Kwa maneno mengine, safari tatu zinazohesabiwa kuwa za watu tofauti zilitegemea kumbukumbu za watu walewale, na mtu anayeyajua majina ya wageni wote bila kulijua jina la Ruango hajaisoma historia hiyo.

Maarifa ya kirangozi yalitokana na chombo chenyewe. Mtumbwi wa Ziwa Tanganyika ulichongwa katika gogo zima, mara nyingi la miti mikubwa ya Ugoma, ng'ambo ya magharibi, na kwa uzito wake haukuweza kubebwa. Kwa hiyo ulifuata ufuko, na usalama wake ulitegemea mtu aliyejua ghuba ipi ina kinga, kijiji kipi kina chakula, mtawala yupi anadai hongo, yaani ushuru wa kupita, na saa ngapi upepo wa kusini-mashariki utachafua maji. Waojibwe wa Amerika Kaskazini walikuwa na chombo cha aina nyingine, kilichoshonwa kwa magome ya mti na kuzibwa kwa utomvu, chepesi kiasi cha kubebwa mabegani kutoka ziwa hadi ziwa. Lakini dhuluma iliyowapata ilikuwa ileile, kwani mwaka 1832 Ozaawindib, Mwojibwe, alimwongoza Henry Schoolcraft hadi ziwa ambalo ni chanzo cha mto Mississippi, na Schoolcraft akalipa ziwa hilo jina la Itasca na kuitwa mgunduzi.

Wapo pia wanaowadharau virangozi kwa sababu ya matambiko. Cameron alieleza jinsi walivyosimama mbele ya rasi ya Kabogo, wakatandaza shanga juu ya kafi na kuziangusha majini ili mzimu uwape njia. Shanga hazitulizi mawimbi, na hapana haja ya kudai hivyo. Lakini desturi inayolazimisha chombo kusimama kabla ya kuizunguka rasi humpa nahodha nafasi ya kuutazama upepo, na aliyewahi kupita mahali kama hapo hawezi kuibeza.

Majina nayo ni ushahidi wa uzito wa maarifa ya wenyeji. Joseph Thomson aliliita Ziwa Rukwa kwa jina la Leopold mwaka 1880, na jina hilo limekufa. Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia kusini mwa Tanganyika mwaka 1867, limedumu katika meli iliyohudumia Kasanga na Kipili kwa miongo mingi.

Mwalimu na aulize nani aliongoza, na awape wanafunzi kazi ya kutafuta majina ya Waafrika katika vitabu vya Stanley na Cameron. Vijana wa Kasanga na Kirando wayaandike majina ya rasi na magati ya zamani kutoka kwa wazee, kila jina na mahali pake. Anayetaka kusafiri kwa mtumbwi leo amkodi nahodha mwenyeji, avae jaketi okozi, aondoke alfajiri, aogope zaidi miezi ya Mei hadi Septemba, aache taarifa ufukoni. Na nahodha akisema leo hatuendi, mizigo ishushwe.