Etaini inatoka kwetu, kitabu cha kusudea kitatoka wapi?

Sisi wa sendika ya wachimbaji hapa Maniema tumezoea kuandika juu ya mishahara, juu ya kilo zinazopotea kwenye mizani, juu ya mashimo yanayobomoka wakati wa mvua. Leo tunaandika juu ya muziki, na zaidi juu ya vitabu. Musicheke, wandugu. Mutaona kama ni kesi moja ile ile.

Vijana wa Kasuku na Mikelenge, pamoja na wale wa ng'ambo ya mto kule Alunguli, wanatuuliza swali ambalo si la mugodi: "Baba, tufanye namna gani tujifunze kutengeneza ampli, ao mashini ya kutoa sauti za muziki, sisi wenyewe?" Radio wamekwisha kufungua nyingi. Wanajua kutoa kipande kilichokufa na kuweka kingine. Wanachokosa ni maandishi ya kuwaambia juu ya nini kile kipande kilikufa, na kinaweza kufanya kazi gani nyingine. Tuliwaahidi kutafuta. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Lakini tuanze kwanza na udongo wetu. Kalima, Punia, Kailo: kila mutu hapa anajua kama ni nchi ya kasiterite. Wazee wetu waliichimba chini ya Symétain tangu miaka ya 1930, nyuma ya hapo chini ya Sominki, na leo wakreseri wanaendelea kwa chepeo na nyundo. Kasiterite ikiyeyushwa inatoa etaini. Na etaini inaenda wapi? Karibu nusu ya etaini yote inayosafishwa duniani inatumiwa kwa kusudea, maana yake kulehemu vipande vya elektroniki. Zamani waya wa kusudea ulikuwa na etaini 60 na risasi 40 kwa mia. Tangu Julai 2006 Ulaya ilikataza risasi katika vyombo vingi vya elektroniki, na waya mupya sasa una etaini karibu 96 kwa mia. Koltani nayo inatoa tantale, na tantale inatengeneza kondansateri ndogo sana, zile zinazokaa ndani ya simu na ordinateri. Kwa hiyo mutu asituambie kama elektroniki ni mambo ya wageni. Gunia linatoka hapa. Linarudi likiwa radio iliyofungwa kwa visi. Ila maelezo ya namna ile radio inafanya kazi hayarudi pamoja nayo.

Kuna Wakongo ambao hawakungoja maelezo. Muzee Mingiedi Mawangu, mutu wa Wazombo wa upande wa mpaka wa Angola, alianzisha kikundi cha Konono N°1 mu Kinshasa katika miaka ya 1960. Alikuwa mupigaji wa likembe. Lakini likembe ina sauti ndogo, na Kinshasa ina makelele mengi. Akachukua sumaku za vipande vya magari yaliyokufa, akatengeneza mikro zake, akaziweka ndani ya likembe. Kazi yake inaelezeka hivi: ulimi wa chuma wa likembe unatetemeka karibu na sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, na kule kutetemeka kunazaa umeme kidogo ndani ya waya. Ampli inaukuza ule umeme, bafle inautoa kama sauti. Ni sheria ambayo Michael Faraday aliionyesha huko London mwaka 1831, na ndiyo inayofanya kazi ndani ya gitaa za umeme.

Ampli zao zilichoka, zikaanza kukwaruza. Wao wakafanya mukwaruzo ule kuwa sehemu ya muziki. Album yao Congotronics ilitoka Ubelgiji mwaka 2004, na wapenzi wa muziki wa elektroniki wa Ulaya walishangaa kabisa. Muzee aliaga dunia mwaka 2015.

Si yeye peke yake Mwafrika. Mwaka 1944 mu Kairo, Halim El-Dabh aliazima mashini ya redio iliyorekodi sauti juu ya waya wa chuma. Alirekodi nyimbo za sherehe ya zaar, nyuma akazigeuza mu studio: akapunguza sauti fulani, akaongeza mwangwi. Pierre Schaeffer, yule Mufaransa anayetajwa sana kama baba wa muziki wa namna hiyo, alianza kazi yake mu Paris mwaka 1948. Hesabuni wenyewe.

Basi kama mikono inatosha, vitabu ni vya nini? Wazee wa kazi wanatuuliza hivyo, nasi tunawajibu kwa heshima. Ufundi wa Konono uliendelea kwa sababu kulikuwa na watu waliokaa pembeni ya muzee, wakaona kwa macho. Kijana wa Kindu hakukaa pale. Na hapa kwetu, mufundi wa radio akifa, anazikwa na elimu yake yote. Sisi wa migodi tunalijua jambo hilo. Muzee aliyejua kusoma mushipa wa kasiterite ndani ya jiwe akiondoka bila kuandika, vijana wanachimba kwa kubahatisha, na kubahatisha kunakula watu.

Sasa vitabu vyenyewe. Kwa anayeanza, na anasoma kifaransa, tunashauri Eugène Aisberg: La radio ? Mais c'est très simple ! Ni kitabu cha zamani, cha wakati wa radio za taa, lakini kinafundisha kwa mazungumzo. Kuna vijana wawili, Curiosus na Ignotus, mumoja anauliza, mwingine anaeleza, na pembeni kuna vichoro vya kuchekesha. Nyuma ya hicho soma ndugu yake, Le transistor ? Mais c'est très simple !, kwa kuwa transista ndizo utakazokuta ndani ya radio za soko. Kwa lugha ya leo kuna Rémy Mallard, Mufaransa, aliyeandika kitabu kwa wale "wanaotoroka masomo lakini wanasudea bila kujiunguza vidole". Jina la kitabu chake linasema hivyo hivyo. Yeye pia ana kurasa nyingi za bure mu intaneti, zinaitwa Sonelec-Musique, zenye mipango ya ampli, mikro na mashini za sauti.

Kwa muziki wenyewe, kitabu kikubwa ni cha Nicolas Collins, Handmade Electronic Music, kilichotoka mwaka 2006 na kurudishwa mara ya tatu mwaka 2020. Ni cha kiingereza, lakini vichoro vyake vinasaidia sana. Kinaanza pale ambapo mutu hana kitu. Fungua radio ndogo ya pile, lowesha vidole, gusa upande wa chini wa sahani yake: sauti inabadilika, inalia, inapiga filimbi, kwa sababu mwili wako umekuwa sehemu ya njia ya umeme. Nyuma ya hapo kinaonyesha namna ya kufanya mikro kwa kile kiduara chembamba kinacholia ndani ya saa ya kuamsha.

Kutoka pale mutu anafika kwenye kipande kinachoitwa 40106. Kina miguu 14 na milango sita ndani yake. Mulango mumoja, ukipewa rezistansi moja, kondansateri moja na pile ya volti 9, tayari unatoa sauti ya kudumu. Milango sita, sauti sita. Na hapa munaona kazi ya kitabu. Bila kitabu kijana atajaribu kondansateri moja moja mpaka jioni. Mwenye kusoma anajua: ukiweka kondansateri kubwa mara mbili, sauti inashuka oktavu nzima.

Kila kipande cha namna hiyo kina pia fiche technique, karatasi ya yule aliyekitengeneza, inayosema kila muguu unafanya nini. Zinapatikana bure mu intaneti. Andika tu namba iliyochapwa juu ya mugongo wa kipande. Nazo gazeti za zamani kama Le Haut-Parleur, lililoanza Paris mwaka 1925, namba zake nyingi zimewekwa kule watu wasome.

Lugha isimuzuie mutu. Kule Malawi, wakati wa njaa ya 2001 na 2002, William Kamkwamba alifukuzwa shule kwa kukosa pesa. Akaenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya musingi ya Wimbe, akakuta kitabu cha kiingereza juu ya nishati. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, akasoma picha kwanza na maneno nyuma. Akajenga mashini ya upepo kwa baiskeli iliyovunjika, ikawasha taa kwao. Lakini muangalie vizuri: kabla ya akili yake kufanya kazi, ilibidi kile kitabu kiwe pale.

Sisi watu wa sendika hatuwezi kumaliza bila neno la usalama. Anza na pile, usianze na courant ya ukuta. Volti 220 haina rafiki. Televizio ya zamani yenye kioo kinene usiifungue, hata ikiwa imechomolewa, maana inaweza kushika umeme unaoua. Waya wa zamani wa kusudea una risasi: fungua dirisha, osha mikono kabla ya kula, watoto wakae mbali.

Kwa hiyo tunaomba nini? Hatuombi majengo. Tunaomba etajeri moja ya vitabu hapa Kindu, mahali ambapo fundi, mukreseri na mwanafunzi wanaweza kuingia bila kuulizwa karatasi ya shule. Wanaonunua mawe yetu wanapenda kusema kama wanasaidia jamii. Katoni mbili za vitabu hivi zina uzito mudogo kuliko gunia moja la kasiterite. Wakati tunangoja, mwenye simu yenye intaneti apakue, mwenye printa achapishe, mwenye kifaransa asome kwa sauti, na wengine waandike kwa kiswahili mu kaye. Neno likikosekana, watafute pamoja lile ambalo mafundi wa soko wanalitumia tayari.

Na wazee wa kazi, tafadhali, semeni ili tuandike. Kaye ya kwanza ya etajeri ile inaweza kuwa yenu.