Utu, Neno Tulitumialo kwa Wepesi



Juma lililopita nilikuwa Thika, mtaa wa Majengo, kwa darsa la kina mama. Baada ya swala ya Alasiri alinijia mama mmoja, asili yake Lamu na makazi yake sasa Ruiru. Akaniuliza: "Sheikh, binti anayenisaidia kazi za nyumbani aliondoka bila ruhusa, na siku yenyewe nina wageni. Amekwenda kwao Machakos. Nimeuzuia mshahara wake. Nikisema hana utu, nimekosea?"

Nilianza na neno lenyewe. Mtoto ana utoto, mzee ana uzee, mtu ana utu. Lakini hatumwambii mtoto kuwa hana utoto, ilhali kila siku twamwambia mtu kuwa hana utu. Basi neno hili limebeba maana mbili. Ya kwanza ni hadhi ya kuwa mwanadamu, ambayo mtu huzaliwa nayo; ya pili ni mwenendo umpasao mwenye hadhi hiyo. Mwenendo waweza kupungua. Hadhi haipungui, na Suratul Israa, aya ya 70, imewatukuza wanadamu bila kutaja kabila wala kazi. Ahmad Nassir Juma Bhalo wa Mombasa alilitungia jambo hili utenzi mzima, Utenzi wa Mtu ni Utu.

Sisi watu wa pwani tuna maneno mengine tuyapendayo zaidi, uungwana na ustaarabu, nami naomba radhi kwa nitakalolisema. Mwungwana alikuwa ni yule asiye mtumwa, na utumwa katika pwani yetu ya Kenya ulikomeshwa kisheria mwaka 1907 tu. Ustaarabu nao una Uarabu ndani yake. Maneno hayo yana mlango na bawabu. Utu hauna bawabu: Mkikuyu wa Ruiru na Mkamba wa Machakos wote humwita mtu mũndũ, na shina lake ni lile lile la neno letu.

"Kuondoka bila kuaga ni kosa la mwenendo," nikamwambia, "nawe una haki ya kumwonya. Ama mshahara ni wa siku alizokwisha kuzifanyia kazi. La ujira na jasho Mtume (s.a.w.) amekwisha kulisema."

Mama alinyamaza kitambo, kisha akafungua mkoba wake akatoa simu.

"Mamake ni mgonjwa," akasema. "Hilo sikukueleza."