Ua la Adhuhuri: Zulia la Bustani katika Nchi Kavu

Katika nchi zenye jua kali, kama Kitui, Makueni na Voi, mwenye nyumba ana adui wawili mlangoni pake: vumbi wakati wa kiangazi, na maji ya mvua yachukuayo udongo wa kando ya msingi. Wengi wangependa kuufunika udongo huo kwa maua, lakini huona haya kuyamwagia maji ambayo mama wa nyumba ameyabeba mgongoni kutoka mtoni. Haya hiyo ni ya haki. Hata hivyo, dawa yake si kuuacha uwanja uchi, bali ni kuchagua mmea usiodai maji mengi.

Mmoja wa mimea ya namna hiyo ni ule ambao wataalamu huuita Mesembryanthemum cordifolium, nao asili yake ni Afrika ya Kusini. Neno la kwanza la jina hilo limetoka katika Kiyunani, nalo lilikusudiwa kuwa na maana ya ua la adhuhuri. Kwa kuwa maua yake madogo mekundu hufunuka jua linapokuwa kali, kisha hujifunga jioni. Majani yake ni manene, yamejaa maji, na umbo lake ni kama moyo. Mashina hutambaa juu ya udongo hata yakaufunika kama zulia, yasipite kimo cha inchi chache.

Siri ya uvumilivu wake ni hii. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili ivute hewa, na papo hapo joto huinyang'anya maji. Mmea huu ukipatwa na ukame huvifungua usiku, wakati wa baridi, ukaiweka hewa hiyo akiba katika hali ya uchachu, kama ule wa matunda mabichi. Kukipambazuka huvifunga, ukaitumia akiba ile kujitengenezea chakula kwa nguvu za jua.

Kuupanda si kazi ngumu. Mvua za vuli zikaribiapo, kata vipande vya shina vya urefu wa inchi 4 au 5, uondoe majani ya chini, kisha uviweke kivulini siku moja au mbili hata vidonda vikauke. Changanya udongo na mchanga ili maji yasituame, uvipande kila kimoja mbali na mwenziwe kadiri ya futi 1. Mwagia kidogo kidogo mpaka vishike mizizi. Baadaye ngoja udongo ukauke kabla ya kumwagia tena. Maji yaliyooshea mboga yafaa kabisa. Maji yakizidi, mizizi huoza, na wengi huuua mmea huu kwa wema kuliko kwa kiu.

Lakini usitumainiwe kwa kila jambo. Hauvumilii kukanyagwa, basi usipandwe njiani. Mizizi yake haiendi chini sana, kwa hiyo penye mteremko mkali kazi ni ya matuta na nyasi. Tena vipande vilivyokatwa visitupwe ovyo kando ya mito, kwani huota upesi. Katika pwani ya California mmea huu umekwisha kutoroka bustanini na kuenea mwituni.

Mwenye shina moja lililositawi aweza kumgawia jirani asipungukiwe na kitu. Hivyo uwanja utapambwa, udongo utatulia, na mtungi wa mama utabaki kwa kazi ya jikoni.