Breki Iliyoharibika Mara Tatu: Tuliyojifunza Lopur



Wasomaji wetu wengi wa pwani huiona pikipiki ya magurudumu manne pale Diani, ikikodishwa kwa watalii. Nasi tulidhani ni chombo cha starehe tu, mpaka tulipokwenda Turkana kumzuru binti yetu, muuguzi katika zahanati moja ya Lopur, jirani na Kakuma. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni mwendo wa yapata kilomita 120. Ukishaiacha barabara kuu, njia ni mchanga, mawe na miiba, nazo hukatwa na makorongo yaitwayo laga, ambayo hukaa makavu kwa muda mrefu kisha maji yakaja kwa ghafla. Huko chombo hiki, kikifungwa kitoroli nyuma, ndicho kinachowafuata wagonjwa pasipofika gari.

Tulichokikuta kilikuwa kipya, hakijatimiza miezi sita, kimenunuliwa kwa mchango wa aila kadhaa. Hata hivyo breki yake ya mguu ilikuwa imeshaharibika mara tatu. Mara ya kwanza zikabadilishwa pedi. Mara ya pili zikabadilishwa tena, na fundi akaikaza pedali ili breki ishike upesi. Mara ya tatu yakaongezwa mafuta ya breki. Kila mara zikapita siku chache njema, kisha pedali ikarudi kuwa laini na kuzama chini ya mguu.

Lililowatatiza watu zaidi ni kwamba chombo kikipumzika nusu saa, breki hurudi. Wazee wa kamati walipokuja asubuhi kukijaribu, kilisimama vizuri. Basi lawama zikamwangukia dereva, kijana Mturkana wa miaka ishirini na kitu. Akaambiwa hajui kuendesha, na wengine wakasema anatafuta kisingizio cha kukwepa safari za mbali. Ufunguo ulikuwa karibu kuondolewa mkononi mwake. Sisi wenyewe, kabla ya kuuliza lolote, tulimkalisha jioni moja tukampa nasaha juu ya uaminifu katika kazi. Kijana aliinamisha kichwa, hakujibu.

Kesho yake alasiri aliletwa mama mwenye uchungu wa kuzaa. Chombo kilikuwa kimetembea tangu alfajiri. Walipofika ukingoni mwa laga, dereva alisimama, akasema hateremki na mgonjwa kitorolini kwa sababu breki imekwisha. Jamaa za yule mama wakaghadhibika, maana kila dakika ilikuwa na thamani yake. Binti yetu akakanyaga pedali kwa mguu wake mwenyewe, ikazama mpaka mwisho. Akaamuru mgonjwa abebwe kwa machela kuvuka korongo, na chombo kiteremshwe kitupu, taratibu, kwa gia ndogo. Mtoto alizaliwa zahanati usiku ule, na mama yake akawa salama, Alhamdulillahi.

Asubuhi binti yetu akasema, "Baba, hiki hakitoki tena mpaka nijue kinachokiua."

Akaitwa fundi mmoja wa Kakuma, mzaliwa wa Kongo aliyekimbia vita. Alipotaka kuanza kufungua, binti yetu akamwuliza, "Fundi, kabla hujabadilisha pedi, niambie zile za kwanza ziliisha kwa nini?"

Fundi akacheka. "Mama, watu huniuliza bei tu. Hilo swali ndilo lenyewe."

Akakiinua nyuma, akatoa gia, akajaribu kuyazungusha magurudumu kwa mkono. Hayakwenda hata nusu duara, ilhali hakuna aliyekanyaga pedali. Maana yake ni kwamba breki ilikuwa ikishika wakati wote, hata dereva alipokuwa ameiachia.

Akatueleza, nasi tunaeleza kama tulivyofahamu. Ukikanyaga pedali, kijiti kidogo husukuma mafuta ndani ya silinda, mafuta hupita kwenye bomba, na pedi huibana diski ya chuma. Ukiachia, mafuta hurudi na pedi hulegea. Hapa mambo matatu yalikutana. La kwanza, mchanga uliingia kwenye pini za kalipa, yaani kile kishikio cha pedi, zikaganda, na pedi hazikuweza kulegea. La pili, fundi aliyeikaza pedali alikiondolea kijiti nafasi yake ya kurudi. Tundu la kurudishia mafuta likabaki limezibwa, na mafuta yalipopata joto yakavimba, yakazidi kuzibana pedi. La tatu, mafuta yaliyoongezwa yalitoka kwenye chupa iliyokaa wazi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za selsiasi, lakini yakishaingiwa na maji kiasi, kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea, kwa hiyo mguu huzama na chombo hakisimami. Yakipoa, mvuke hurudi kuwa maji na breki huonekana nzima.

Kumbe kijana alikuwa akisema kweli tangu siku ya kwanza. Waliokijaribu asubuhi walikijaribu kikiwa baridi.

Fundi alizisafisha pini na kuzipaka grisi inayostahimili joto, akakirudishia kijiti nafasi yake, akamwaga mafuta yote, akatia mapya ya kopo lililofungwa, kisha akatoa upepo kwenye bomba. Pedi zilizoungua akazibadilisha mwisho kabisa. Dereva akakiendesha na mzigo kwa muda wa saa nzima, na kikiwa bado moto fundi akakiinua tena. Magurudumu yakazunguka bila kizuizi.

Mzee wa kamati alimpa kijana mkono mbele ya watu. Nasi tulimwomba radhi, kwa kuwa tulimtuhumu pasi na kuuliza. Alisema, "Si neno, Shekhe," lakini tulijua kuwa lilikuwa neno.

Tumeyaandika haya kwa kuwa watoto wetu hupanda tuktuk na bodaboda kwenda shule na chuoni kila siku, na mama ndiye anayemwona dereva mlangoni. Breki inayolainika au inayohitaji kukanyagwa mara mbili ndipo ishike, harufu ya kuungua, gurudumu lenye joto kuliko mengine, chombo kinachovutwa upande mmoja wakati wa kusimama: haya yote ni sababu ya kumtoa mtoto chomboni. Mafuta ya breki yanunuliwe katika kopo lililofungwa, na mafuta ya injini yasitiwe humo kamwe, kwani huharibu raba za ndani. Kilichobadilishwa mara mbili kwa muda mfupi kisibadilishwe mara ya tatu kabla ya kujulikana kilichokiharibu. Na breki ijaribiwe katika hali ile ile anayoilalamikia dereva, ikiwa ni moto na mzigo, usisubiri ipoe.

Zaidi ya hayo, dereva akikwambia, "Mama, leo sibebi, breki si nzuri," usimkasirikie kwa kuchelewa. Mshukuru, umtafutie mtoto njia nyingine. Kutawakali hakumzuii mtu kukagua breki, na kijana asiyeaminiwa leo huenda kesho akaona ni afadhali anyamaze na kuteremka.

Wabillahi tawfiq.