MAKSAI MKUBWA ANAYEKATAA SAFARI: LORI, BOTI AU MIGUU?



Katika mikutano yetu ya huku Luapula swali hili limerudi mara kwa mara. Kikundi cha wafanyakazi kimechanga fedha kidogo kidogo, kimenunua maksai wa kulimia, mnyama mkubwa wa nguvu. Shambani hana neno. Lakini akiliona lori anatetemeka, anapiga mateke, na akishapakiwa anajiangusha chini. Sasa yuko Kawambwa, na wenyewe wanamtaka Nchelenge. Wafanyeje?

Kwanza niwajibu wale wanaosema afadhali tungenunua farasi. Farasi hapa hadumu. Mbung'o anamwua kwa nagana, na kuna ugonjwa mwingine wa farasi unaoenezwa na visubi, nao huua haraka sana. Habari hii si ya leo. Mwaka 1866 Livingstone alishuka pwani ya kusini ya Tanganyika na ngamia, punda, baghala na nyati wa Kihindi, akitaka kujua kama watastahimili mbung'o. Walikufa njiani, kwa kuumwa na wadudu na kwa kuteswa na waliowachunga. Alipofika Ziwa Mweru Novemba 1867 alifika bila wao. Mwaka 1916 farasi na baghala wa jeshi la Waingereza walikufa kwa maelfu katika vita ya kuwafukuza Wajerumani, na mizigo ikapandishwa vichwani mwa watu. Babu zetu wa tenga-tenga walitoka hata mikoa hii ya kaskazini. Mnyama akishindwa, mzigo hurudi kwa mfanyakazi, ndugu zangu.

Basi tuseme juu ya maksai. Mkubwa hupita kilo 500, na uzito huo ukianguka ndani ya lori unaweza kumwangukia mtu. Niliona mwenyewe utingo kijana akibanwa kati ya ubao wa lori na ubavu wa maksai, mbavu mbili zikavunjika. Mwenye lori alisema kijana si wake, amemwokota barabarani siku ile ile. Wenye maksai wakasema wao wamelipa nauli tu, hawakuajiri mtu. Kijana alilala nyumbani miezi miwili bila ngwee moja. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 1999 ipo, lakini mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote ataanzaje kudai? Kwa hiyo kabla ya kupakia, majina ya dereva, utingo na wapakiaji yaandikwe kwenye karatasi, pamoja na jina la aliyewaajiri na malipo waliyoahidiwa, na mwajiri atie sahihi. Wasioandikwa wasiguse kamba.

Sasa lori lenyewe. Pikapu msithubutu. Mnyama mrefu juu ya gari jepesi huliyumbisha, naye akiyumba anaogopa zaidi. Tafuteni lori lenye mbao ndefu pande zote, zisizo na misumari wala mianya ya kunasa mguu. Wengi wanadhani mnyama msumbufu abanwe sana asipate nafasi ya kuleta fujo. Wenye farasi Ulaya walijifunza kinyume chake: farasi anayejiangusha kwenye trela mara nyingi ni yule asiyeweza kutanua miguu. Wakimpa nafasi anatulia, na wengine husimama vizuri zaidi wakigeuzwa mkia kuelekea mbele. Maksai naye anataka kutanua miguu na kushusha kichwa. Lakini asiachiwe lori zima, maana breki moja itamtupa kutoka nyuma hadi mbele. Fungeni gogo imara la kumkingia nyuma.

Chini ndiko wengi wanakosea. Sakafu ya bati au ya mbao laini ikilowa mkojo inateleza kama sabuni. Mwageni mchanga, juu yake nyasi kavu. Na msimpandishe kwa ubao mwembamba unaotikisika. Lori lirudishwe nyuma mpaka kwenye ukingo wa udongo ulio sawa na sakafu yake, ili mnyama aingie kama anayeingia zizini. Pasipo na ukingo, chimbeni. Vijana wanne na majembe wanamaliza asubuhi moja. Mpakieni kunapokucha, bila makelele, bila kumpinda mkia, na mwenzake aliyemzoea atangulie. Ng'ombe huogopa kuingia gizani, kwa hiyo turubai liondolewe. Kamba ifungwe kwenye hatamu, wala si kitanzi cha shingoni, kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja.

Barabara ya Kawambwa inateremka kwenda Mbereshi, bondeni. Hapo ndipo dereva mwenye haraka huangusha mnyama. Lakini mbona ana haraka? Kwa sababu analipwa kwa safari. Mlipeni kwa siku, muone kama hatakwenda polepole na kusimama kila nusu saa kumtazama maksai wenu.

Kwa boti ni shida zaidi. Waendao visiwa vya Kilwa na Chisenga hawana njia nyingine, lakini boti iwe pana ya mbao, isiwe mtumbwi, na iondoke alfajiri kabla ya upepo. Maksai akifungwa miguu na kulazwa ubavu kwa muda mrefu, tumbo lake hujaa hewa na anaweza kufa. Alazwe kifua chini, kichwa juu, na asiwe ameshiba. Yule anayeogopa hata lori, mimi nasema asipandishwe boti kabisa. Muuzeni huko huko bara, mnunue mwingine mpole. Dume la hofu likisimama katikati ya ziwa, watu wote wamo majini.

Kwa maksai tuliyemtaja, wa Kawambwa hadi Nchelenge, ushauri wangu ni miguu. Atembee kilomita 15 hadi 20 kwa siku pamoja na mwenzake, apumzike saa za jua kali, anywe maji kila penye mto. Ni karibu juma zima. Wengine watasema ni gharama, lakini pigeni hesabu ya maksai aliyevunjika mguu. Waswagaji wawili walipwe siku zote saba, na chakula juu yake. Mbung'o hufuata kitu kinachotembea mchana, hasa cheusi, kwa hiyo mwoneni bwana mifugo mapema juu ya sindano ya kinga.

Bwana mifugo huyo huyo ndiye wa kibali. Sheria ya afya ya wanyama ya mwaka 2010 inahusu miguu sawasawa na lori, na kibali kitaje njia mtakayopita. Wanaoleta ng'ombe kutoka Ukanda wa Shaba wakumbuke kwamba njia ya Chembe, ingawa ina daraja tangu 2008, inapita ardhi ya Kongo: kuna mipaka miwili ya kuvuka, na karatasi za mnyama zitaulizwa yote miwili.